Kuunga Udugu Ufukweni: Adabu za Safari, Nyumba na Bahari

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeinua nyanda za juu akaziotesha miti, akakunjua bahari akaijaza riziki, akawajaalia wanadamu kuwa watu wa nasaba na watu wa ukwe ili wapate kujuana na kuhurumiana. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Twashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na twashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba wake, na kila anayefuata uwongofu wao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo, enyi Waislamu mlio misikitini, na nyinyi akina mama na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani! Tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu mjini na shambani, nyumbani na safarini.

Leo tunapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi hudhani kuwa ni la starehe tu, nalo katika sheria yetu lina hukumu nyingi. Ndugu zetu wa Makote, Newala, Tandahimba na Masasi wanalijua vyema. Korosho zikisha kuuzwa, shule zikafungwa mwezi wa Disemba, jamaa hukusanyika. Kaka mkubwa hutoa shauri, shangazi huunga mkono, vijana hufurahi, basi hukodiwa gari, na watu wa bara juu huteremka pwani kwenda Mtwara, Mikindani, Msimbati au Lindi. Huko hupanga nyumba ya makuti iliyo karibu na maji: kuta za fito na udongo, vyumba vitatu vilivyotengwa kwa pazia, kisima nyuma, jiko la mafiga nje, na ukumbi wa kulala upepo. Hukaa siku tatu au nne, babu na wajukuu, wakwe na mashemeji, kisha hurudi makwao.

Jambo hili halina ubaya katika asili yake. Mwenyezi Mungu ametutajia bahari katika Surat An-Nahl kuwa ni neema yake, tupate kula humo nyama laini na kutafuta fadhila zake. Na jamaa kukutana ni katika kuunga udugu, nako kuunga udugu ni faradhi. Aya ya kwanza ya Surat An-Nisai imeufungamanisha uchaji wa Mungu na haki za jamaa, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa apendaye kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake, basi na aunge jamaa zake.

Lakini, ndugu Waislamu, tumeona mara nyingi udugu uliodumu miaka arubaini kwa kutembeleana ukavunjika kwa siku tatu za kukaa pamoja. Watu wakiishi mbalimbali kila mmoja huficha tabia zake. Wakilala chini ya paa moja la makuti, choo kimoja na chungu kimoja, huonekana aliye mvivu, aliye bahili, asiyeshika sala, na asiyeweza kuuzuia ulimi wake. Ndiyo maana ikasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipoletewa mtu wa kumshuhudia mwenziwe kuwa ni mwema, alimwuliza kama amewahi kusafiri naye. Safari huyafunua yaliyofichwa.

Basi natupige mfano. Jamaa kumi na saba wamepatana kuteremka pwani, na kila nyumba itoe fungu lake sawa. Miongoni mwao yumo dada mjane, ambaye mikorosho yake ilikauka, na mavuno yake hayakujaza hata gunia moja. Dada huyu atafanya nini? Akisema hana, ataaibika mbele ya wifi zake. Akikaa kimya, atakopa. Akikataa kwenda, watasema ana kiburi. Watu wakisema, "Sote tumetoa sawa," huidhani kuwa ni haki, na kumbe kwake fungu lile lina uzito mara kumi kuliko kwa kaka yake mwenye duka. Kisha wakifika ufukweni, mmoja akanunua samaki mkubwa wa kukaanga akala na watoto wake pembeni, na watoto wa mjane wakatazama. Wallahi, watoto wale hawatalisahau jicho lile mpaka uzeeni.

Dawa ya jambo hili ameshatuonyesha Mtume (S.A.W.). Walikuwapo watu wa kabila la Ash'ari kutoka Yemen. Chakula chao kilipopungua vitani, au chakula cha watoto wao kilipokuwa haba mjini Madina, walikusanya kila walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana kwa chombo kimoja sawasawa. Mtume akawasifu akasema kuwa wao ni wake na yeye ni wao. Angalieni, enyi ndugu: sharti lao halikuwa kila mtu alete sawa. Kila mtu alileta alicho nacho, bali kula ndiko kulikokuwa sawa. Basi na sisi tufanye hivyo. Mwenye fedha atoe kodi na nauli, mwenye unga alete unga, mwenye ming'oko na mihogo alete, na asiye na kitu alete mikono yake na uso wake mkunjufu. Wala mchango wa mtu usitajwe hadharani. Aliye mkubwa wa msafara amwendee mjane kwa siri kabla ya safari amwambie, "Dada, wewe tunakuhitaji uje, mengine yametengenea." Katika kuunga udugu kheri hii inashinda hiyo safari yenyewe.

Na hapo tunaikumbuka habari njema ya pwani hii hii ya kusini. Ibn Battuta, mwanachuoni msafiri wa Maghrib, alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani ambaye watu walimwita Abul-Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyotoa. Amesimulia kuwa siku moja ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka kusali, fakiri kutoka Yemen alimsimamia njiani akamwomba nguo alizovaa, naye akampa. Huyo hakuwa hata jamaa yake! Seuze ndugu wa tumbo moja, ashindweje kumstiri dada yake?

Jambo la pili ni kazi. Twaona wanaume wamejinyoosha kwenye jamvi chini ya mnazi tangu asubuhi, wanasema wamekuja kupumzika. Lakini mama, wake na mabinti wameamka alfajiri kuteka maji kisimani, kuwasha moto wa kuni mbichi, kuosha vyungu na kufua nguo zilizojaa mchanga. Je, wao hawakuja kupumzika? Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na ukifika wakati wa sala hutoka akasali. Basi ikiwa aliye mbora wa viumbe alishona nguo yake na kukama mbuzi wake, mwanamume wa leo hapungukiwi cheo kwa kubeba ndoo mbili za maji na kupaa samaki. Akina mama wa nyanda zetu za juu wameteka maji mabondeni na kuyapandisha kichwani vizazi kwa vizazi. Siku hizi tatu za pwani na ziwe siku za kupumzisha shingo zao.

Jambo la tatu ni haki za jamaa wa pande zote mbili. Katika desturi za Wamakonde, mjomba na ukoo wa mama wana neno kubwa, na mtoto hujulikana zaidi kwa mama yake. Uislamu haukuja kuwavunjia heshima wajomba. Bali umemfanya baba kuwa na haki, na ami, na shangazi, na mama mdogo, kila mmoja kwa daraja yake. Basi mnapopanga safari, msiwaite jamaa wa upande mmoja mkawaacha wa upande wa pili, kisha mkasema mmeunga udugu. Na mzee asiyeweza kusafiri, aliyebaki kijijini peke yake na kuku wake, huyo ndiye wa kwanza kuulizwa. Mtu akimwacha mama yake mgonjwa bila wa kumtekea maji, akaenda pwani kuunga udugu na binamu, ameacha faradhi iliyo kubwa akafuata iliyo ndogo.

Jambo la nne ni nyumba na mwenyewe. Kupanga nyumba ni ijara, nayo ijara ni mkataba. Sheria imetaka kodi ijulikane, muda ujulikane, na manufaa yenyewe yajulikane. Ukimwambia mwenye nyumba kuwa mtakuwa watu wanane, kisha gari likashusha kumi na saba usiku, hiyo ni hadaa. Choo chake kitajaa, kisima chake kitakauka, na mikeka yake itachanika kwa jambo asilolikubali. Mkivunja, lipeni, mkipoteza, semeni. Na kwa upande wake mwenye nyumba, asipandishe kodi baada ya watu kushusha mizigo kwa kuwa ameona usiku umeingia na watoto wamechoka.

Tena kumbukeni kuwa mmelipa kodi ya nyumba, hamkununua mji. Majirani wa hapo ni wavuvi wanaolala mapema, kwani huamka na maji. Wana msikiti wao, makaburi yao na wazee wao. Ngoma na vinanda vya usiku kucha ni kumuudhi jirani, na Mtume (S.A.W.) amesema kuwa haamini mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Wazee wakuu wa mwambao husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji na apone kwa kununua kwenu samaki wake kwa bei ya haki. Na kama mna jamaa hapo pwani na mmefikia kwake bila ya kodi, jueni kuwa haki ya ugeni ni siku tatu, na imekatazwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki.

Jambo la tano ni stara. Nyumba ya makuti haina siri: anayekohoa chumbani husikika ukumbini. Kwa hiyo aya ya 58 ya Surat An-Nur ni kama iliyoteremshwa kwa ajili ya nyumba kama hiyo. Humo Mwenyezi Mungu ameamrisha hata watoto wadogo wabishe hodi katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Pazia ni mlango. Basi lipigiwe hodi kama mlango. Wanaume walale upande wao na wanawake upande wao, na watoto waliotimia miaka kumi watengwe malazi.

Wala mtu asidanganyike na neno "sisi sote ni ndugu". Binamu si maharimu. Shemeji si maharimu. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya jamaa wa mume kuingia kwa mke faragha, alilinganisha jambo hilo na mauti, kwa sababu hatari hutokea pale ambapo watu hawatarajii. Utani wa mabinamu na wa babu na wajukuu ni katika desturi zetu njema, lakini una mpaka. Surat Al-Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Na katika zama hizi za simu mkononi, kijana asimpige picha wifi yake au dada yake akiwa na nguo za maji, kisha akaipeleka kwa watu. Picha ikitoka hairudi, kama maneno yanavyotoka yasirudi.

Mwisho katika haya ni moto. Iliungua nyumba moja Madina usiku na watu wake wamo ndani. Mtume alipopata habari alisema kuwa moto ni adui, basi tuuzime tunapolala. Nanyi mmelala chini ya makuti makavu, upepo wa kaskazi unavuma, na koroboi imetundikwa kwenye ufito! Zimeni mafiga kwa maji na mchanga kabla ya kulala.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwetu na kwenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu kwa ihsani yake, na shukrani ni zake kwa taufiki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Enyi Waislamu! Sala haina likizo. Atokaye Newala au Masasi kwenda Mtwara amepita masafa ya safari, kwa kuwa ni zaidi ya kilomita 80. Kwa hiyo yafaa apunguze adhuhuri, alasiri na isha kuwa rakaa mbili mbili, na akusanye akipenda. Lakini katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi tangu anapofika husali kwa kutimiza. Wala asitoke mjini kwake siku ya Ijumaa baada ya alfajiri, naye ni mwenye kupasiwa na Ijumaa, ila kama ataidiriki njiani au aendako. Kibla huko pwani ya Mtwara ni kaskazini. Mtu akisimama sawa, jua la asubuhi huwa mkono wake wa kuume.

Na katika rehema za Mungu kwa watu wa nyanda zilizo haba wa maji ni kuwa bahari yote ni udhu. Alikuja mtu kwa Mtume akasema kuwa wao hupanda bahari na kuchukua maji machache ya kunywa, je, watawadhe kwa maji ya bahari? Akafunzwa kuwa maji yake ni tohara, na mfu wake ni halali. Basi kisima cha mwenyeji kikiwa na maji kidogo, kiachieni kinywaji na chakula, nanyi mkatawadhe ufukweni. Asiseme mtu kuwa atatayamamu kwa mchanga wa pwani naye asikia wimbi likigonga. Wala mchanga mtupu usio na vumbi hautoshi kwa tayamamu.

Kisha ilindeni roho. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Baqara ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Watoto wa Makote na Newala wamekulia kwenye mchanga na mikorosho. Wengi wao hawajui kuogelea, nao huona maji yametulia wakadhani ni salama. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku saa yake husogea mbele kadiri ya dakika 50. Na bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, huwa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Muislamu ahesabuye mwezi kwa ajili ya saumu yake hashindwi kujua siku za bamvua. Aendaye mbali kwenye miamba maji yakipwa kuokota chaza, aangalie nyuma yake, kwani maji yarudipo hujaza kwanza mikondo iliyo kati yake na nchi kavu. Waulizeni wavuvi kabla ya kuingia, na kila kundi la watoto liwe na mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine ila kuwatazama. Tarehe 26 Disemba 2004, mawimbi yaliyoanzia kwenye tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra yalifika hata pwani ya Tanzania, yakachukua roho za watu, wakiwamo vijana waliokuwa wakioga Dar es Salaam. Ilikuwa siku ya mapumziko, na bahari ilikuwa imetulia.

Tena msiharibu mahali mlipopumzikia. Mtume ametutahadharisha na mambo yanayoleta laana, ambayo ni kukidhi haja kwenye njia za watu, kwenye vivuli vyao na kwenye maji yao. Ufukwe ni njia, mnazi ni kivuli, na bahari ni maji. Msikate mikoko kwa kuni. Humo samaki huzaa. Msiguse mayai ya kasa. Huko Msimbati mtakuwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, nayo sheria yake ni ya kuwalinda hao hao wavuvi mnaonunua samaki kwao.

Na siku ya kuondoka, fagieni nyumba kuliko mlivyoikuta, mrudishieni mwenyewe ufunguo mkononi, mtakane radhi. Kila mmoja amwambie mwenziwe, "Nilichokukosea nisamehe." Mzigo wa kinyongo usipakiwe garini ukapandishwa juu ya nyanda. Kwani Mtume ametufundisha kuwa muunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema. Muunga udugu ni yule ambaye jamaa zake wakimkata, yeye huwaunga.

Ewe Mwenyezi Mungu, tuunganishie nyoyo zetu na jamaa zetu, wa kuumeni na wa kukeni. Warehemu wazee wetu waliotulea na waliotangulia mbele ya haki. Wahifadhi wasafiri wetu wa barabarani na wavuvi wetu wa baharini. Wape wajane na mayatima riziki isiyowadhalilisha mbele ya ndugu zao. Iteremshie nyanda yetu mvua yenye manufaa, na mikorosho yetu iepushe na maradhi. Utujaalie tukutane duniani kwa mapenzi, na Akhera utukutanishe katika nyumba isiyo na kodi wala kuondoka. Amin.